Mita inazunguka usiku na mashine ya kuoshea magari imezimwa: tuanzie wapi?

Swali la msomaji: Fundi, shikamoo. Nasimamia mashine ya kuoshea magari, ile ya lango linalokwenda mbele na nyuma juu ya reli. Nozeli tatu za upinde wa kusuuzia zinadondosha maji hata mashine ikiwa imesimama, tone moja kila sekunde hivi kwa kila nozeli, usiku kucha. Tumebadilisha koili ya umeme inayofungua vali ya upinde huo, kisha tukabadilisha nozeli zenyewe, bado zinadondosha. Juzi nilisoma mita ya maji wakati wa kufunga, nikaisoma tena asubuhi baada ya muda wa saa 10: lita 400 zimepita na hakuna gari lililooshwa. Sakafu haina dimbwi. Je, tununue vali mpya nzima?

Jibu: Marahaba. Vali mpya isubiri kwanza. Umenipa vipimo viwili vizuri sana, na ukiviweka pamoja vinaonyesha kwamba unachokiona kwenye nozeli sicho kinachozungusha mita.

Tupige hesabu. Matone 20 hivi ya maji hufanya mililita 1. Nozeli tatu, tone moja kila sekunde, kwa muda wa saa 10 zenye sekunde 36,000, ni matone 108,000, yaani lita tano na nusu hivi. Hata kama matone yenu ni makubwa maradufu, hayafiki lita 12. Mita imesema 400. Zaidi ya lita 385 zimepita njia nyingine, na kwa kuwa sakafu haina dimbwi, yaelekea zimeingia moja kwa moja kwenye bomba la maji machafu. Kwa hiyo huenda mna hitilafu mbili: ndogo inayoonekana, na kubwa iliyojificha. Mkibadilisha vali ya upinde, matone yatakoma, mtafurahi, na bili itabaki ilivyo.

Nianze na ile kubwa. Kabla ya kufungua chochote, hakikisheni kwanza kwamba ni uvujaji. Usomaji mmoja jioni na mmoja asubuhi hauonyeshi maji yalipita vipi katikati. Kama mna kilainishaji cha maji, kile chenye tangi la chumvi pembeni, huwa kinajisafisha chenyewe, na mara nyingi saa yake imewekwa ifanye hivyo katikati ya usiku, kwa mfano saa nane. Usafishaji mmoja wa kilainishaji kikubwa unaweza kutumia mamia ya lita, na hiyo ni kazi yake halali. Vichujio vya mchanga navyo vina tabia hiyohiyo. Kwa hiyo usiku mmoja someni mita mara kadhaa, au ipigeni picha kila baada ya muda. Lita zikipita zote kwa mkupuo mmoja, mtakuwa mmeona kifaa kikijisafisha. Zikipita kidogo kidogo saa baada ya saa, kama lita 40 kwa saa, huo ni uvujaji. Njia ya haraka zaidi ni kutazama kile kinyota au kipembetatu kidogo kwenye uso wa mita: kikizunguka polepole bila kusimama wakati hakuna anayetumia maji, kuna mahali maji yanapita.

Jambo la pili ambalo husahaulika: mita hiyo inalisha nini kingine? Choo cha wafanyakazi kinaweza kupitisha maji kimya kimya kutoka tangi la kuvutia kwenda bakulini usiku kucha, na kiasi cha lita 40 kwa saa hakiko nje ya uwezo wake. Fungeni koki ya tawi linalokwenda kwenye mashine, mtazame kinyota. Kikiendelea kuzunguka, mashine haina kosa na mtafute chooni, kwenye sinki na kwenye bomba la nje. Kikisimama, basi njooni kwenye chumba cha mashine.

Hapo ndani, kazi ni kufunga koki moja baada ya nyingine na kurudi kwenye mita kila mara. Msifunge zote kwa pamoja. Anzeni na koki inayoingia kwenye tangi la maji safi linalolisha pampu, halafu kilainishaji, halafu mtambo wa maji ya kusuuzia yasiyoacha madoa, halafu bomba la kuongezea maji safi kwenye tangi la maji yanayorudishwa kutumika tena. Baada ya kila koki, subirini dakika mbili tatu. Koki itakayosimamisha kinyota ndiyo inayolisha mahali panapovuja. Kama koki zenu ni kuukuu, jihadharini: nazo huweza kupitisha hata zikiwa zimefungwa, na kipimo kikawadanganya. Koki ya aina hiyo ibadilisheni kwanza, maana bila koki inayofunga sawasawa hamtaweza kupima kitu.

Mimi ningeweka macho kwenye tangi la maji safi kabla ya vyote. Ndani yake kuna vali ya boya, na pembeni juu kuna bomba la kufurikia ambalo kwa kawaida limeelekezwa kwenye mfereji wa maji machafu. Vali ya boya ikichakaa mpira, au chembe ya mchanga ikikaa kwenye kiti chake, yaani pale mpira unapokalia ili kufunga, maji huendelea kuingia polepole, tangi hujaa hadi kwenye mdomo wa bomba la kufurikia, na yanayozidi huondoka bila kulowesha sakafu. Mchana hamlioni tatizo hilo kwa sababu pampu inayatumia maji kabla hayajafurika. Usiku mambo hubadilika: mashine haitumii maji, na presha ya bomba la mtaani hupanda kwa kuwa watumiaji wengine wamelala. Vali ambayo mchana inajikaza na kufunga huweza kuzidiwa nguvu usiku.

Kulipima si kazi. Fungueni mfuniko mkatazame kimo cha maji. Kikiwa kimegusa mdomo wa bomba la kufurikia, mmeshapata sehemu kubwa ya jibu. Lita 40 kwa saa ni karibu mililita 670 kila dakika, zaidi ya glasi mbili. Kiasi hicho mtakisikia kikitiririka mkitega sikio kwenye bomba mahali palipo kimya. Kisha fungeni koki inayoingia, bandikeni kipande cha tepu kwenye kimo cha maji, mwache kwa saa moja. Kimo kikibaki palepale, tangi na yote yaliyo mbele yake kuelekea pampu yako salama, na ugonjwa ni wa vali ya boya. Kikishuka, maji yanatoka upande wa pampu.

Kuna matokeo ya tatu ambayo huwachanganya hata mafundi wazuri: mmefunga koki inayoingia, na bado tangi linafurika. Maana yake ni kwamba maji yanaingia kwa mlango wa nyuma. Katika mashine nyingi upinde wa kusuuzia unaweza kulishwa na pampu na pia na bomba la mtaani, na kinachotenganisha njia hizo mbili ni vali ya kuzuia maji yasirudi. Vali hiyo ikibaki wazi kidogo, presha ya bomba la mtaani husukuma maji kinyumenyume, yakapita kwenye pampu iliyosimama hadi ndani ya tangi. Mtabadilisha vali ya boya mara mia bila nafuu.

Vali ya boya yenyewe kuirekebisha ni rahisi. Badilisheni mpira wa kufungia, safisheni kiti, na shusheni boya kidogo ili vali ifunge wakati maji yako sentimita kadhaa chini ya bomba la kufurikia. Kama boya lina maji ndani, tupeni. Kama presha ya usiku inapanda sana, wekeni kipunguza presha kabla ya tangi, la sivyo mpira mpya utakwenda njia ya ule wa zamani.

Tangi likiwa zima, twendeni kwenye kilainishaji. Nyanyueni mrija wake wa kutolea maji machafu muutazame mwisho wake. Kikiwa kwenye kazi ya kawaida, mrija huo hautakiwi kutoa kitu. Ukitoa maji bila kukoma, vali yake ya juu imekwama kati ya hatua moja na nyingine, au mipira iliyo ndani yake imelika. Naomba uangalie pia desturi yenu ya kufunga kazi: kama mnazima swichi kuu ya umeme kila jioni, na kilainishaji kimo kwenye swichi hiyo, mnaweza kukikatia umeme katikati ya kujisafisha kikabaki hivyohivyo hadi asubuhi, njia ya kwenda mferejini ikiwa wazi. Kipeni umeme wake wa kudumu.

Mtambo wa kutengeneza maji yasiyoacha madoa, ule unaosukuma maji kwenye utando, hutupa sehemu ya maji kila unapofanya kazi. Hilo ni la kawaida. La kutazama ni kama unaendelea kuyatupa ukiwa umezimwa, kwani hapo vali yake ya kuingizia inapitisha. Tazameni pia kama unazimika kweli tangi lake likijaa: swichi ya boya ikikwama, mtambo hukesha ukifanya kazi isiyotakiwa. Kuhusu tangi la maji yanayorudishwa, boya lake huishi kwenye tope na nywele za brashi, kwa hiyo huganda kirahisi na kuagiza maji safi wakati hayahitajiki. Lisafisheni, mlisukume kwa mkono juu na chini, muone kama vali ya maji safi inafunga.

Sasa turudi kwenye nozeli zenu tatu, maana hata lita tano na nusu kila usiku hazifai kuachwa. Matone hayo yanaacha madoa kwenye gari linaloingia kukauka, na chembe iliyosababisha matone leo huendelea kukwangua kiti cha vali hadi kisitengenezeke.

Baada ya kila gari ni kawaida upinde kudondosha kwa muda, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye bomba la juu hushuka. Mkiona matone yamekoma ndani ya nusu saa, msihangaike. Yenu yanaendelea usiku kucha, kwa hiyo kuna njia inayolisha bomba hilo daima. Nozeli hazikuwa na hatia. Zile zenye kizuizi cha springi ndani yake hutengenezwa zizuie maji yaliyobaki bombani tu: maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 3 yana presha ya baa 0.3 hivi (baa ni kipimo cha presha). Presha ya bomba la mtaani ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi, na ikipenya vali iliyoko nyuma itasukuma springi na kupita.

Na koili? Vali za aina hii hufungwa na springi pamoja na presha ya maji yenyewe. Kazi ya koili ni kuifungua. Koili ikiungua, kwa kawaida vali hushindwa kufunguka, haivuji. Kwa hiyo kuibadilisha hakungeweza kuwasaidia, isipokuwa tatizo liwe la umeme, na hilo linapimika kwa dakika chache: chomoeni plagi ya koili wakati nozeli zinadondosha. Matone yakikoma baada ya muda mfupi, kuna umeme unaoifikia koili wakati haupaswi, kutokana na relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, iliyogandana au kadi ya kudhibiti inayovujisha umeme kidogo. Yakiendelea, kosa limo ndani ya vali au mbele yake.

Kisha fungeni koki iliyo kabla ya vali hiyo. Matone yakikoma, maji yalikuwa yanapita kwenye vali. Yasipokoma, yanatoka kwenye njia nyingine iliyounganishwa na upinde, kwa kawaida mrija wa nta au wa povu. Kingeni matone kwenye chombo cheupe: yakiwa na rangi, povu au harufu, mmepata mwelekeo, na wa kushughulikiwa ni kizuizi cha mrija wa dawa. Ningelifanya jaribio hili la chombo cheupe hata kabla ya kushika spana.

Tuseme vali ndiyo inayopitisha. Zimeni swichi kuu, ifungeni kwa kufuli ili mtu asiiwashe mkiwa ndani, fungeni koki, kisha ondoeni presha iliyobaki kwa kulegeza jointi polepole huku mmeelekeza uso pembeni. Na hili nalisema kwa uzito wote: kwenye upande wa pampu ya presha kubwa, msitafute tundu kwa kupapasa kwa mkono. Maji yenye presha ya baa 70 au zaidi hupenya ngozi na kuingia mwilini kupitia tundu dogo sana, na jeraha lake linahitaji hospitali mara moja hata kama kwa nje linaonekana kama mchomo wa sindano. Tumieni kipande cha kadibodi, na simameni mbali.

Ndani ya vali mtakuta kiwambo cha mpira chenye tundu dogo pembeni. Maji hupita kwenye tundu hilo hadi juu ya kiwambo, na uzito wa presha yao ndio unaokigandamiza kwenye kiti. Katikati kuna njia ndogo nyingine, ambayo koili huifungua ili presha ya juu itoke na kiwambo kiinuke. Sasa mnaona kwa nini kitu kidogo sana kinaleta shida kubwa: tundu la pembeni likizibwa, presha ya kufungia haijengeki, njia ya katikati ikiwa na chembe, presha inavuja kabla ya kutimiza kazi, kiti kikiwa na chokaa, kiwambo hakilali sawasawa. Vyote vitatu mtavitazama kwa tochi. Chokaa iloweke kwenye siki au maji ya asidi ya limau, uisugue kwa mswaki laini. Msipitishe waya kwenye tundu, mtalipanua na vali haitafanya kazi tena kama ilivyopangwa. Kiwambo kikiwa kimekakamaa, kimevimba au kina alama ya mkato, wekeni kipya. Watengenezaji wengi huuza kiwambo, springi na mpira kwa seti, na hapo hamna haja ya kununua vali nzima. Vali nzima inunuliwe pale tu kiti chenyewe kimechimbika.

Kama mpira umevimba, ulizeni ni wa aina gani. Mpira wa EPDM hustahimili maji ya moto na dawa nyingi za kuoshea lakini huharibiwa na mafuta ya petroli na grisi yake. Fundi mwenye nia njema akiupaka grisi ya kawaida ili uteleze vizuri, ameufupishia maisha. Tumieni grisi ya silikoni.

Chunguzeni pia ile chembe mliyoikuta. Ikiwa kutu, bomba la nyuma linaoza. Ikiwa vipande vyeupe laini, ni tepu ya kuzibia nyuzi za bomba, yaani ile mikato ya kukazia, iliyozungushwa hadi kwenye mdomo wa bomba. Ikiwa punje ndogo za mviringo, za rangi ya kahawia kama kaharabu, zimetoka kwenye kilainishaji, maana ndizo zinazofanya kazi ndani yake: kichujio chake cha ndani kimepasuka, na kila vali mtakayotengeneza itaharibika tena hadi kirekebishwe. Kabla ya kufunga, fungueni koki kwa sekunde chache ili maji yasukume uchafu uliobaki nje, kisha rudisheni kiwambo. Hakikisheni mshale kwenye mwili wa vali unaelekea upinde. Wakati wa kuunganisha, msikaze kiungo cha nyuzi za Kiingereza kwenye cha nyuzi za Kimarekani: katika saizi za nusu inchi na robo tatu, vyote vina nyuzi 14 kwa inchi, vinaingiliana vizuri kabisa mkononi, lakini pembe ya nyuzi ni digrii 55 kwa kimoja na 60 kwa kingine. Vitavuja polepole hata mzungushe tepu kiasi gani.

Pampu nayo itazameni mkiwa hapo. Matone machache kwa dakika chini ya mipira ya pistoni yanavumilika, mkondo hauvumiliki. Mafuta yake yakigeuka meupe kama maziwa, maji yameingia ndani, msiiwashe kabla ya kubadilisha mipira na mafuta.

Mkimaliza yote, rudieni kipimo kilekile: mita wakati wa kufunga, mita asubuhi, choo kikiwa kimefungiwa maji. Kama bado inazunguka na koki zote za ndani ya chumba cha mashine zimefungwa, basi maji yanapotelea kwenye bomba lililo chini ya sakafu, kati ya mita na chumba hicho. Lipimeni kwa kulijaza, kulifunga ncha zote mbili na kuacha geji ya presha kwa saa moja. Sindano ikishuka, bomba limetoboka. Mwenye kifaa cha kusikilizia anaweza kuwaonyesha mahali hasa bila kuvunja sakafu yote. Lakini kama bomba ni la chuma na ni la zamani, ushauri wangu ni kuliacha humo na kupitisha jipya ukutani, mahali ambapo kila jointi itaonekana.